Wakala wa magari anapoongeza chapa ndogo: nini hubadilika dukani na gerejini

Mwanzoni mwa 2011, baadhi ya mawakala wa magari ya Chrysler nchini Marekani walianza kupokea gari lisilofanana na chochote walichozoea kuuza. Fiat 500 ilikuwa na urefu wa karibu mita 3 na nusu. Mawakala hao walikuwa wamezoea pikapu za Ram zenye urefu wa zaidi ya mita 5, Jeep za kupita njia mbaya na magari ya familia kubwa. Wateja wao wengi hawakuwa wamewahi kuiona Fiat barabarani, kwa sababu kampuni hiyo ya Italia iliondoka katika soko la Marekani mwaka 1983.

Mawakala hao walikuwa wametoka katika kipindi kigumu. Tarehe 30 Aprili 2009, Chrysler iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake, na katika mchakato huo mikataba ya mawakala 789 ikavunjwa. Waliobaki walijua vizuri maana ya kukosa mkataba. Sasa Chrysler, ambayo Fiat ilikuwa imeingia kama mbia na msimamizi wake, iliwaambia kwamba kuna chapa mpya ya kuuza. Lakini aliyeitaka alipaswa kujenga kwanza.

Kisa hicho kinaonyesha jambo ambalo mnunuzi anayesimama mbele ya gari linalong'aa huwa halioni. Wakala anapoongeza chapa ndogo, gharama kubwa hutangulia kabla hata gari moja halijauzwa. Na mtu anayenunua gari la chapa hiyo anategemea, kwa miaka mingi ijayo, uamuzi ambao wakala huyo aliufanya siku ya kwanza.

Wakala ni nani, na anapata wapi faida?

Watu wengi hudhani duka lenye nembo ya kampuni ya magari ni mali ya kampuni hiyo. Mara nyingi si hivyo. Wakala ni mfanyabiashara anayejitegemea, mwenye mkataba unaomruhusu kuuza magari mapya ya chapa fulani, kuyafanyia matengenezo na kuuza vipuri halisi. Mkataba hutaja eneo lake, ukubwa wa ukumbi wa kuonyeshea magari, rangi na alama za nje, zana za gereji na idadi ya mafundi waliopewa mafunzo.

Magari yaliyopangwa uwanjani wakala ameyanunua, kwa kawaida kwa mkopo. Gari linalokaa muda mrefu bila kuuzwa linakula riba. Faida ya kuuza gari jipya inaweza kuwa ndogo kuliko mteja anavyofikiri, hasa pale mawakala wa chapa moja wanaposhindana kwa bei. Kwa hiyo wakala hutegemea mifuko mingine: magari yaliyotumika anayopokea kutoka kwa wateja wanaobadilisha, kamisheni ya mikopo na bima, na zaidi ya yote gereji na vipuri. Gereji inaendelea kuingiza fedha hata mwaka ambao watu hawanunui magari mapya.

Chapa ndogo ni ile yenye wateja wachache katika soko husika. Inaweza kuwa ndogo kwa sababu ya bei yake, umbo lake, teknolojia yake, au kwa sababu ni ngeni tu. Chapa iliyo ndogo nchi moja inaweza kuwa kubwa nchi nyingine. Fiat ilikuwa gari la kila mtu Italia, lakini Marekani ilikuwa mgeni anayekumbukwa kwa utani mbaya. Wamarekani walikuwa wamezigeuza herufi nne za jina lake kuwa kejeli ya kumwambia fundi aitwaye Tony alitengeneze gari tena.

Kwa nini pande zote mbili hukubali?

Kampuni inayoingia sokoni na magari machache haiwezi kujenga mtandao wake kutoka mwanzo. Inahitaji mtu mwenye kiwanja, leseni, wateja na uhusiano na benki. Wakala wa chapa nyingine anavyo vyote hivyo tayari.

Wakala naye ana sababu zake. Chapa yake kuu inaweza kuwa imepungua nguvu, au haina gari la kundi fulani la wateja. Vijana wa mjini wanaotaka gari dogo la bei nafuu, kwa mfano, walikuwa wakipita mbele ya duka la Chrysler bila kuingia. Fiat 500 ilianzia dola 15,500, na bei ya mafuta mwaka 2011 ilikuwa juu. Tena kulikuwa na ahadi nyingine: watakaopewa Fiat ndio watakaokuwa mstari wa mbele Alfa Romeo itakaporejea Marekani. Kwa wakala wengi, Alfa Romeo yenye magari ya bei ya juu ndiyo iliyokuwa shabaha hasa, na Fiat ilikuwa mlango wa kuingilia.

Kuna pia hofu ya kuachwa. Kukataa chapa mpya kunaweza kumaanisha kwamba jirani ataichukua. Hesabu ya hofu na hesabu ya faida hazifanani, na wakala wenye uzoefu hujaribu kuzitenganisha kabla ya kutia saini.

Ukumbi wake au kona ya ukumbi?

Swali la kwanza linalozua mvutano ni nafasi. Kampuni ya magari hutaka chapa yake ionekane peke yake. Wakala hutaka kutumia jengo alilonalo.

Katika kisa cha Fiat, kampuni ilishinda mwanzoni. Mwaka 2010 wakala waliotaka chapa hiyo waliombwa kuwasilisha mipango ya biashara, na mwezi Novemba kundi la kwanza la takriban mawakala 130 likachaguliwa. Masharti yalitaka Fiat iwe na ukumbi wake, uliotengwa na magari ya Chrysler, Dodge na Jeep, wenye mwonekano wa kisasa wa Kiitaliano. Wapo waliokarabati majengo ya zamani, na wapo waliojenga upya kwa gharama kubwa zaidi. Baadhi ya kumbi hazikuwa tayari magari yalipofika.

Hoja ya kampuni haikuwa ya bure. Mteja akiona gari dogo la mtindo limebanwa kati ya pikapu mbili, atalichukulia kama kitu cha pembeni. Hata afisa mauzo atalitazama hivyo. Lakini ukumbi wa peke yake una kodi yake, umeme wake, mlinzi wake na mtu wa mapokezi, hata siku ambayo hakuna mteja aliyeingia.

Ulaya suala hilo lilifika katika ngazi ya sheria. Kanuni ya Halmashauri Kuu ya Ulaya iliyoanza kutumika Oktoba 2002 ilipunguza uwezo wa kampuni za magari kuwazuia wakala kuuza chapa za washindani, hata ndani ya ukumbi mmoja. Lengo lilikuwa kuongeza ushindani na kumpa mnunuzi uchaguzi. Kanuni hizo zilibadilishwa baadaye, lakini wakala wa Ulaya mwenye chapa kadhaa chini ya paa moja si jambo la kushangaza leo.

Nchini Marekani kila jimbo lina sheria zake za mikataba ya mawakala, na mvutano kuhusu nafasi huamuliwa kwa mazungumzo, au mahakamani. Kwa Fiat, miaka michache baadaye mauzo yalipopungua, kampuni ililegeza masharti na kuruhusu chapa hiyo irudishwe ndani ya kumbi za Chrysler. Kwa aliyekuwa ameshajenga, ruhusa hiyo ilichelewa.

Watu wawili, au mtu mmoja mwenye kofia mbili?

Baada ya jengo yanakuja maswali ya wafanyakazi. Afisa mauzo hulipwa kwa sehemu kubwa kwa kamisheni. Akiwa na uhuru wa kuuza chapa mbili, atamwelekeza mteja kwenye gari analolijua, lenye mkopo unaopitishwa haraka na faida nzuri zaidi. Hilo halihitaji nia mbaya. Ni namna mshahara wake ulivyopangwa. Waswahili husema mshika mbili moja humponyoka, na inayoponyoka kwa kawaida ni chapa ndogo.

Njia ya kwanza ya kuzuia hilo ni kumweka mtu wa chapa mpya peke yake. Anajua historia ya gari, tofauti ya kila toleo, na namna ya kujibu maswali ya mteja ambaye amesoma sana kabla ya kuja. Mteja wa chapa ndogo mara nyingi ni wa aina hiyo: amekuja kwa sababu analitaka gari hilo hasa. Lakini mtu huyo atahitaji mshahara wa uhakika, kwa sababu magari machache hayatoi kamisheni ya kuishi.

Njia ya pili ni kuwafundisha wote na kuweka motisha ya ziada kwa kila gari la chapa mpya linalouzwa. Ni rahisi zaidi, lakini ujuzi hupungua. Afisa anayeuza gari moja la chapa hiyo kwa mwezi atasahau nusu ya aliyofundishwa.

Katika duka dogo la mji mdogo, mara nyingi jibu hupatikana kwa meneja mmoja anayeipenda chapa hiyo na kuibeba mwenyewe. Udhaifu wake unajulikana: akihama, chapa inabaki yatima.

Gereji ndiyo mizani

Wakala anaweza kuuza gari kwa wiki moja ya mafunzo. Kulitengeneza kunahitaji zaidi.

Kila chapa ina kompyuta yake ya kusoma hitilafu, programu ya kulipia kila mwaka, na zana maalumu za kufungua injini, gia au mfumo wa umeme. Fundi lazima apelekwe mafunzoni, na siku anazokuwa darasani hatengenezi magari ya wateja wengine. Bila fundi mwenye cheti cha chapa hiyo, wakala anaweza kunyimwa malipo ya kazi za waranti, yaani matengenezo ambayo kampuni humlipia mteja katika miaka ya mwanzo.

Kisha vipuri. Wakala wa chapa kubwa huweka vichujio, breki na taa kwa wingi kwa sababu anajua zitatoka wiki hiyo hiyo. Kwa chapa yenye magari mia moja tu katika wilaya nzima, akiweka kila kitu fedha zake zitalala rafuni. Asipoweka, mteja atasubiri kipuri kitoke ghala la mbali, huku akitumia gari la kuazima ambalo mtu lazima aligharimie. Mteja aliyesubiri wiki tatu kwa kioo cha pembeni hawalalamikii wataalamu wa ugavi. Anawaambia majirani kwamba gari hilo ni baya.

Hapa Fiat ilikuwa na nafuu fulani iliyokuja polepole. Injini yake ya lita 1.4 ilitengenezwa Dundee, Michigan, katika kiwanda cha Chrysler, na baadaye ikatumika pia katika Dodge Dart na Jeep Renegade. Fiat 500X iliyokuja baadaye ilichangia sehemu nyingi na Renegade, na magari hayo mawili yalitoka katika kiwanda kimoja cha Melfi, Italia. Fundi aliyejifunza moja alikuwa amejifunza sehemu kubwa ya la pili.

Hilo ni somo muhimu kuliko rangi za ukumbi. Chapa ndogo inayochangia injini, vipuri na mafunzo na chapa kuu ya wakala huwa mzigo mwepesi. Inayokuja na kila kitu chake humlazimisha wakala kuanzisha gereji ya pili ndani ya gereji.

Magari ya umeme yameongeza uzito wa suala hili. Betri kubwa huhitaji mashine za kunyanyulia zenye nguvu, vifaa vya kinga dhidi ya umeme wa volti kubwa, sehemu ya kutengea gari lenye hitilafu, na vituo vya kuchajia uwanjani. Wakala anayeongeza chapa ya umeme pekee anaweka gharama zote hizo juu ya magari machache.

Hesabu ya Fiat

Kampuni ilitarajia kuuza magari 50,000 ya Fiat 500 Amerika Kaskazini katika mwaka wa kwanza. Nchini Marekani mwaka 2011 yaliuzwa karibu 19,800. Mwezi Novemba mwaka huo mkuu wa chapa hiyo Marekani alibadilishwa. Mwaka 2012 mambo yalitengemaa na mauzo yakafika karibu 43,800. Kilele kilikuwa 2014, magari takriban 46,000, ambapo gari kubwa zaidi la 500L lilikuwa limeshaongezwa.

Kisha bei ya mafuta ikaporomoka kuanzia mwishoni mwa 2014, na Wamarekani wakarudi kwenye magari makubwa. Mwaka 2018 Fiat iliuza karibu 15,500 tu, na 2019 kiasi kidogo zaidi ya 9,000.

Tuzigawe namba hizo kama wakala anavyofanya. Hata tukihesabu mawakala 130 wa mwanzo peke yao, magari 46,000 ni kama 350 kwa kila mmoja kwa mwaka, karibu 29 kwa mwezi. Hapo ukumbi wa peke yake una maana. Magari 15,500 ni kama 120 kwa mwaka, yaani 10 kwa mwezi. Magari 9,000 ni chini ya 6 kwa mwezi, na ni lazima yalipe kodi, riba, mshahara wa afisa mauzo na ada ya kompyuta ya gereji. Na mtandao ulikuwa umepanuka baada ya kundi la kwanza, kwa hiyo hali halisi ya wakala mmoja mmoja ilikuwa ngumu zaidi ya hesabu hii.

Alfa Romeo waliyoahidiwa ilichelewa. Gari la kwanza, 4C, lilifika mwishoni mwa 2014, nalo lilikuwa gari la michezo la viti viwili lililotengenezwa kwa idadi ndogo. Giulia, sedani ambayo wakala wangeweza kuiuza kwa wingi zaidi, ilifika karibu miaka 6 baada ya kumbi za kwanza kufunguliwa. Wakala aliyeweka ahadi hiyo kwenye hesabu zake za mwaka wa pili alikuwa amehesabu vifaranga kabla mayai hayajaanguliwa.

Si Fiat pekee iliyopitia njia hiyo. Smart, gari dogo la viti viwili, liliingia Marekani mwaka 2008 na kuuza takriban 24,600 mwaka huo. Mwaka 2010 yaliuzwa karibu 5,900. Chapa ndogo mara nyingi huanza na foleni ya mashabiki waliosubiri kwa miaka. Foleni ikiisha, ndipo soko lenyewe linapoonekana. Wakala anayepanga ukumbi na idadi ya mafundi kwa kutazama miezi sita ya kwanza anajipimia nguo kwa mwili wa mtu mwingine.

Genesis: mvutano ulioisha kwa ukuaji

Isionekane kwamba kila chapa ndogo huishia pabaya. Novemba 2015 Hyundai ya Korea Kusini ilitangaza kwamba Genesis itakuwa chapa ya kifahari inayojitegemea. Nchini Marekani magari yake yaliuzwa ndani ya maduka ya Hyundai. Mteja wa gari la bei ya juu alijikuta akikaa kwenye kiti kimoja na mnunuzi wa gari la kwanza la mwanafunzi.

Kampuni ilipotaka kupunguza idadi ya wakala wa Genesis hadi karibu 100, wakala wa Hyundai walipinga. Walikuwa wameuza magari hayo, na hawakutaka kuachwa nje. Mwaka 2018 kampuni ikabadili msimamo na kuwafungulia mlango wakala wote wa Hyundai waliotaka na waliotimiza masharti. Lakini mikataba mipya ilihitaji leseni mpya katika majimbo, na katikati ya mpito huo wakala wengi walikosa magari ya kuuza. Mauzo yalishuka kutoka karibu 20,600 mwaka 2017 hadi karibu 10,300 mwaka 2018.

Baadaye yalikuja magari ambayo Wamarekani walikuwa wakiyataka, GV80 na GV70, yote yenye umbo la juu. Mwaka 2021 Genesis iliuza zaidi ya magari 49,000, na wakala wakaanza kujenga kumbi zake za peke yake. Mpangilio ulikuwa kinyume cha Fiat: magari yalipata wateja kwanza, majengo yakafuata.

Chapa inapoondoka

Swali ambalo wakala hulikwepa siku ya uzinduzi ndilo gumu zaidi: nini kitatokea chapa hii ikifa?

Saab ya Sweden ilifilisika tarehe 19 Desemba 2011. Ilikuwa imeuzwa na General Motors kwa kampuni ya Spyker mwaka uliotangulia. General Motors ilisema itaheshimu waranti za magari yaliyouzwa Marekani wakati chapa ilipokuwa mikononi mwake. Aliyenunua baada ya hapo alijikuta katika hali tofauti, ingawa duka lilikuwa lilelile na fundi yuleyule. Kilichowaokoa wengi ni kwamba kampuni ya vipuri vya Saab iliendelea kufanya kazi, ikawa chini ya umiliki wa serikali ya Sweden.

Kisa cha karibuni zaidi ni Fisker, kampuni ya magari ya umeme ambayo gari lake la Ocean lilitengenezwa Graz, Austria. Mwanzo iliuza moja kwa moja kwa wateja. Januari 2024 ikatangaza kwamba sasa itatumia mawakala. Machi mwaka huohuo ilisimamisha uzalishaji na kupunguza bei, toleo la juu likishuka kutoka dola 61,499 hadi 37,499. Juni ikaomba ulinzi wa mahakama. Kati ya tangazo la mawakala na kufilisika ilipita miezi mitano tu. Punguzo la dola 24,000 kwa siku moja lina maana ya wazi kwa yeyote aliyekuwa amenunua gari kwa bei ya zamani, awe mteja au mfanyabiashara.

Ndiyo maana sheria za majimbo mengi ya Marekani huitaka kampuni inayovunja mkataba inunue tena magari mapya, vipuri na zana maalumu zilizobaki kwa wakala. Lakini haki hiyo ina nguvu pale tu kampuni inapokuwa na fedha. Kwa kampuni iliyofilisika, wakala anapanga foleni pamoja na wadai wengine.

Afrika Mashariki: chapa nyingi, magari mapya machache

Wasikilizaji wetu wengi wanaishi katika masoko ambako mizani hii ina sura nyingine. Kenya, Tanzania na Uganda, magari mengi yanayoingia barabarani yametumika kwanza Japani. Soko la magari mapya ni dogo, na wanunuzi wake wakubwa ni serikali, mashirika na makampuni. Kwa wakala wa magari mapya, karibu kila chapa ni chapa ndogo. Ndiyo sababu kampuni moja hubeba chapa kadhaa.

Nchini Kenya, kundi la CFAO, lililo chini ya Toyota Tsusho ya Japani, huuza Toyota na pia Suzuki. Kampuni hizo mbili za Japani zina ushirikiano, na Toyota Starlet inayouzwa Afrika ni Suzuki Baleno ya India kwa jina jingine. Kwa gereji, hiyo ni nafuu ileile iliyoonekana kwa Fiat 500X na Jeep Renegade: chapa mbili ukumbini, lakini magari yanayofahamiana chini ya boneti.

Upande wa pili, Januari 2025, Al-Futtaim ya Umoja wa Falme za Kiarabu ilitangaza kufunga shughuli za CMC Motors nchini Kenya, Uganda na Tanzania. CMC ilikuwa jina linalojulikana kwa miongo mingi na iliwahi kuuza chapa mbalimbali, zikiwemo Land Rover na Ford. Wingi wa nembo ukutani haukuwa kinga.

Mnunuzi aulize nini?

Mtu anayevutiwa na gari la chapa ndogo hana haja ya kuogopa. Mengi ni magari mazuri, na mteja wa chapa ndogo anaweza kuhudumiwa kwa uangalifu kuliko mteja wa mia tano wa chapa kubwa. Lakini maswali yake yaanzie nyuma ya duka, si mbele.

Aombe kuiona gereji. Aulize ni mafundi wangapi wamefundishwa kwa chapa hiyo, na nani atalishika gari fundi huyo akiwa likizo. Aulize bei ya breki, kioo cha pembeni na taa ya mbele, na zinachukua siku ngapi kufika. Aulize kama injini inatumika pia katika chapa nyingine inayouzwa hapo. Aulize nani analipa waranti: wakala, mwagizaji au kampuni yenyewe. Na atazame kama yupo wakala mwingine wa chapa hiyo ambaye gari linaweza kumfikia bila kubebwa kwa lori.

Maswali hayo ndiyo wakala mwenyewe anapaswa kuwa amejiuliza kabla ya kutundika nembo mpya. Akiyajibu bila kusita, yaelekea alihesabu vizuri. Akianza kusifu rangi ya gari, mteja amekwishapata jibu lake.